Sufuria mbili na kikaango kimoja: jinsi ya kupika kila kitu geto

Haya, wale mliohamia geto juzi na wale mnaotoka kwa shemeji mwezi ujao, kabla hujatoa hela kwenye ile seti ya sufuria saba nyepesi zinazong'aa, zenye mifuniko ya kioo na mashikio ya plastiki, ngoja kwanza. Ile seti inapendeza ikiwa imepangwa dukani, ila ukiifikisha nyumbani unajikuta unatumia sufuria mbili tu, zilizobaki zinakaa juu ya kabati, na hizo mbili zenyewe baada ya muda zimepinda kitako kwa sababu bati lake jembamba. Hela hiyohiyo inanunua sufuria mbili nzito za aluminiamu zinazoingiana na kikaango kimoja cha chuma, na hivyo vitatu vinachemsha, vinakaanga, vinaoka keki, vinapika kwa mvuke na vinaivisha maharage jiko likiwa limezimwa. Naeleza namna ya kuvichagua na namna ya kuvizungusha, nikichukulia una moto mmoja tu, yani mtungi wa gesi wa kilo 6 au jiko la mkaa, chumba kimoja, na hamna ovena.

Hatua ya kwanza: kuchagua sufuria

Chukua moja ya lita mbili na nusu hadi tatu na nyingine ya lita tano au sita. Kung'aa achana nako, kila sufuria mpya inang'aa. Shika ukingo kwa vidole ubane, ukijikunja au ukitoa ule mlio wa debe tupu, rudisha. Igeuze ubonyeze kitako kwa dole gumba kwa nguvu, kikibonyea rudisha. Iweke kwenye meza iliyonyooka uisukume kidogo pembeni, ikichezacheza haitatulia kwenye jiko na siku ya ugali utaipata, maana kila ukisonga yenyewe inazunguka na mwiko. Muuzaji atanuna, mwache anune, hela ni yako.

Alafu weka ndogo ndani ya kubwa, na hapa ndo wengi hawaangalii: isibane. Inatakiwa ibaki nafasi ya vidole viwili kuzunguka pande zote, tutaihitaji huko mbele kwenye kuoka. Mwisho mifuniko, ikae imetulia kwenye ukingo bila kuacha upenyo, iwe bapa na ya bati, ya kioo hapana, sababu kuna siku utaweka makaa juu yake.

Kwanini nasisitiza uzito. Aluminiamu inapitisha joto haraka sana, kama mara tatu ya chuma cha kawaida na zaidi ya mara kumi ya stenlesi, kwahiyo sufuria yake ikiwa nene joto linatambaa kutoka kwenye kitako mpaka kwenye kingo na wali unaiva sawasawa. Ikiwa nyembamba joto linakosa njia ya kusambaa, linapanda palepale moto ulipo, katikati panaungua na pembeni punje bado zina kiini. Kama wewe ni mtu wa stenlesi sikukatazi ila tafuta ile yenye kitako kinene cha tabaka, ile ya bati tupu inaunguza hata uji. Na usihangaike na mashikio, sufuria zetu hazina mashikio na hiyo ni faida, zinaingiana, zinafunikana, hamna plastiki ya kuyeyuka pembeni, unashika kwa koleo au kitambaa kikavu basi. Kitambaa kikavu nimesema, chenye maji kinapitisha joto na utaachia sufuria ya moto miguuni.

Kuna tahadhari moja hapa ya kuchukulia siriasi. Zile sufuria nzito za kusubu, zinazotengenezwa mtaani kwa kuyeyusha skrepa, unazijua kwa rangi ya kijivu iliyofifia, uso una vitundu na mikwaruzo ya mchanga, na hazina chapa ya kiwanda yoyote. Watafiti waliowahi kupima vyombo vya namna hiyo kutoka nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, walikuta vingine vinaachia madini ya risasi kwenye chakula. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na hamna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Shida ni kwamba fundi mwenyewe hajui nini kimeingia kwenye tanuru lake siku hiyo. Najua zinadumu na najua pilau la shughuli linapikwa humo, ila kwa chakula cha kila siku chukua ya kiwandani.

Ukifika nayo nyumbani osha kwa sabuni, jaza maji, chemsha dakika kumi, mwaga. Ndani itaanza kuwa na weusi wa kijivu hivi. Huo sio uchafu, ni utando wa oksaidi unaojitengeneza juu ya aluminiamu na ndo unaozuia metali isiingie kwenye chakula, kwahiyo stilwaya ipeleke nje kwenye masizi, ndani tumia kitambaa au sponji. Kuna wale wanaosugua ndani mpaka ing'ae wakajiona wasafi kuliko jirani, kila siku wanaanza upya.

Hatua ya pili: kikaango

Unatafuta kile cha chuma kizito, wengine wanakiita chuma cha chapati, ila chukua chenye ukingo uliopanda kidogo, kama urefu wa kidole cha mwisho kulala, ili kiweze kushika mafuta na mchuzi mdogo. Upana wake uwe unatosha kufunika mdomo wa sufuria kubwa. Hilo la upana ni muhimu kuliko unavyodhani, kikaango ndo kitakuwa mfuniko wetu wa kuokea.

Zile fraipeni za teflon zisizogandisha ni tamu kwa mayai, siwezi kudanganya, lakini kwa mtu mwenye chombo kimoja hazifai. Ukiipasha tupu kwenye gesi kubwa inapita nyuzi 260 ndani ya dakika chache na kuanzia hapo utando unaanza kuharibika, ukipitiliza zaidi unatoa mvuke mbaya. Hairuhusu mwiko wa chuma, na makaa juu yake ndo usijaribu kabisa.

Chuma kipya kina grisi ya kiwandani na kitashika kutu ukikiacha hivohivo, kwahiyo kinafunzwa kwanza:

1. Sugua kwa sabuni na stilwaya, mara hii moja ruksa, suuza, alafu kiweke kwenye moto mpaka maji yote yaishe.
2. Kikiwa na uvuguvugu paka mafuta ya alizeti kwa kitambaa, ndani, nje, mpaka kwenye mkono. Alafu chukua kitambaa kingine kikavu ufute kama vile umejuta kuyapaka. Hapa ndo wengi wanafeli, wanaacha mafuta mengi, yanakuja kuwa gundi inayonata.
3. Washa moto, kiache kitoe moshi kwa dakika chache, mlango na dirisha wazi, zima, kipoe.
4. Rudia mara tatu nne. Kitaanza kuwa cheusi kinachong'aa kwa mbali.

Ule weusi ni mafuta yaliyogeuka kuwa utando mgumu, na kila chapati unayopika inauongezea. Wiki za kwanza pika vitu vya mafuta, chapati, samaki wa kukaanga, viazi. Nyanya na ndimu viache kwanza, asidi inakula utando kabla haujakomaa. Na mayai yasubiri, usije ukasema nimekudanganya.

Wali, na jinsi kikaango kinavyoukoa

Kwenye mkaa ni ule wali wa kupalia ambao bibi yako angeupika amefumba macho. Mchele vikombe viwili, maji au tui jepesi vikombe vitatu hivi, mchele mpya unataka pungufu na wa zamani unataka zaidi, kwahiyo mara ya kwanza kwa kila mfuko anza na pungufu. Maji yakichemka na chumvi na mafuta, tia mchele, koroga mara moja, funika. Yakikauka juu na ukaona vitundu, toa makaa mengi chini ubakize machache, yaliyotoka yapange juu ya mfuniko, acha robo saa. Usifunuefunue, majivu yakiingia humo hamna wa kumlaumu.

Kwenye gesi hamna makaa ya kupalia na hata moto mdogo kabisa wa mtungi bado ni mkali katikati. Hapo weka kikaango juu ya moto, sufuria ya wali juu ya kikaango. Chuma kinapokea ule moto wa katikati, kinausambaza taratibu, na wali unakauka bila kuungua. Maji yakikaribia kukauka shusha wali pembeni, pasha kikaango dakika mbili tatu, ndo uurudishe juu yake. Juu ya wali laza jani la mgomba kama unalipata au foili, funika, mfuniko ulemee kwa sufuria ndogo yenye maji. Maji hayo yatapata moto, utaoshea vyombo.

Na ile tabia ya kufunika wali kwa nailoni naomba iishe. Mifuko ya plastiki Tanzania imepigwa marufuku tangu Juni 2019, Kenya walitangulia 2017, ila kwenye masufuria bado naiona, watu wamehamia kwenye mifuko ya kufungia vyakula. Plastiki ya mfuko haikutengenezwa kukaa kwenye mvuke unaochemka juu ya chakula chako. Jani la mgomba lipo, linanukia vizuri, na mwenye mgomba hakunyimi.

Kugeuza sufuria kuwa ovena

Hapa ndo panapolipa ule uzito. Kanuni yenyewe: moto mdogo chini, mkubwa juu, na chombo cha keki kisigusane na kitako cha sufuria kubwa.

Chukua sufuria kubwa, tandaza chini mchanga mkavu uliopepetwa kina cha kidole kimoja kulala, au kama hutaki mchanga panga vijiwe vitatu bapa vyenye kimo kimoja. Viwe vijiwe vikavu, vya mtoni vyenye unyevu ndani vinaweza kupasuka vikipata moto. Funika, pasha dakika kumi hadi kumi na tano. Wakati huo koroga keki yako, paka sufuria ndogo mafuta na unga, mimina, isizidi nusu maana itapanda. Ingiza ndogo ndani ya kubwa katikati, ile nafasi ya vidole viwili ndo njia ya hewa ya moto kuzunguka, ikigusa upande mmoja upande huo utaungua.

Sasa kikaango, kifunike juu ya sufuria kubwa kama mfuniko, kikiwa kimekaa kawaida, sio kifudifudi, ndani yake pakia makaa yaliyowaka vizuri. Ukingo wake unazuia makaa yasidondoke, ndo maana nilisema ukingo na upana. Chini bakiza makaa machache, kwa mfano kama juu yapo kumi na tano, chini manne matano. Baada ya dakika thelathini nyanyua kikaango kwa koleo na kitambaa, choma katikati kwa kijiti safi, kikitoka kikavu imeiva, kikitoka na unga rudishia dakika kumi uongeze makaa juu. Keki ya mayai matatu huwa inachukua kama dakika arobaini, ila jiko lako na upepo wa siku hiyo ndo vinaamua.

Mkate wa kumimina unafanyika hivohivo ila hauhitaji sufuria ya ndani. Mchele uliolala kwenye maji, unasagwa laini na tui zito, hamira, sukari, iliki, unaachwa uumuke, alafu unamiminwa kwenye sufuria iliyopata moto na kupakwa mafuta, moto wa chini wa wastani mpaka kingo zishike, ndo unapalia juu mpaka upate rangi. Hapo watu wa Zanzibar na Mombasa wananicheka kwa kuueleza kwa mistari mitatu, sawa, nendeni mkawaulize wenyewe siri ya kuumua.

Kwenye gesi ovena hii inafanya kazi nusu. Joto linatoka chini tu, kwahiyo keki inaiva lakini juu inabaki nyeupe. Moto uwe mdogo, mfuniko ubane, muda uongeze, na ikishaiva igeuze kwenye kikaango chenye siagi kidogo ipate rangi dakika moja.

Mkaa fanyia nje au kwenye koridoo yenye hewa. Ukiwaka unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haionekani, inaua watu wakiwa wamelala. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama baridi la Njombe linakutoa machozi, hata kama makaa yanaonekana yamekufa.

Mvuke

Vijiwe vilevile bapa, bila mchanga, weka kwenye sufuria kubwa, maji yasifike juu ya vijiwe, juu yake sahani ya bati au sufuria ndogo, funika. Viazi vitamu, mihogo, mahindi, samaki aliyefungwa kwenye jani na ndimu na pilipili, vyote vinaiva bila kulowana.

Kazi kubwa ya mvuke geto ni kupasha kiporo. Wali wa jana ukiurudisha kwenye moto moja kwa moja unapata ukoko mara ya pili, ukiuweka kwenye sufuria ndogo juu ya mvuke dakika kumi na tano unarudi laini. Hakikisha umepata moto mpaka katikati, na kama ulilala mezani usiku kucha kwenye joto la Dar bila friji, huo mwage, kuna vijidudu vya kwenye wali vinaacha sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Uji wa mtoto na maziwa pia nenda nao kwa mvuke, haviungui hata ukienda kuanika nguo.

Maharage bila kumaliza gesi

Maharage ndo yanayomaliza mtungi wa watu. Loweka usiku, asubuhi mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya kwenye sufuria kubwa, chemsha kwa nguvu, na kwa nguvu namaanisha yanatokota haswa, dakika kumi kamili bila kupunguza. Hiyo dakika kumi sio mbwembwe, maharage hasa yale mekundu yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, inavunjwa na kuchemka kabisa, joto la kati haliivunji. Endelea kuchemsha mpaka nusu saa hivi.

Alafu fanya hivi. Tafuta kapu kubwa au boksi, tandika blanketi la zamani au khanga nyingi ndani, toa sufuria ikiwa bado inatokota, usifunue, ifutefute masizi, iweke kwenye kapu, funika na blanketi juu na pembeni kote, lemeza mto juu. Ondoka. Baada ya masaa manne ukifunua utakuta maharage yamelainika bila moto wowote. Yarudishe kwenye moto yachemke tena, ndo uunge na nazi na kitunguu.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu, maharage kidogo kwenye sufuria kubwa yanapoa haraka. Na usiyaache humo mpaka yawe ya uvuguvugu, chakula kikishashuka chini ya nyuzi 60 vijidudu vinaanza kuzaliana, kwahiyo ukienda kazini siku nzima njia hii haikufai, ifanye jioni au jumapili. Makande, nyama ngumu, supu ya makongoro, vyote vinakubali, na wali pia kwa dakika ishirini.

Kwa mliopo Mbeya, Njombe na milimani kote, ongezeni muda wa kuchemsha. Mbeya mjini ipo kama mita 1,700 juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwahiyo maharage yaleyale yaliyoiva Tanga kwa saa moja na nusu kwenu yanagoma. Mkiambiwa maharage ya huko ni magumu msikubali, ni maji tu hayapati moto wa kutosha.

Ndo maana kama siku moja utanunua chombo cha nne, nasema presha kuka, kabla ya blenda, kabla ya airifraya wanayoitangaza kila mahali. Ndani ya presha maji yanafika kama nyuzi 120 na maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa muda usiofika nusu saa. Usijaze maharage kupita nusu, angalia mpira haujapasuka na kitundu cha kutolea mvuke hakijaziba kabla ya kila kupika, na usifungue mpaka mvuke wote uishe. Mtu anayelazimisha mfuniko wa presha kwa mwiko simwonei huruma. Ya umeme ni rahisi zaidi kutumia, na kwa kitu kinachopika muda mrefu inashinda mkaa kwa gharama sehemu nyingi, ila umeme ukikatika umebaki na ndoo ya gharama, wakati ile ya kwenye jiko inakubali moto wowote.

Kukaanga kwenye sufuria ndogo

Karai ni zuri kwa mama ntilie, wewe wa maandazi kumi huhitaji. Sufuria ndogo nzito, mafuta yasizidi theluthi moja ya kimo chake, na kwa sababu ni nyembamba ya umbo utatumia mafuta machache kuliko karai. Chovya kijiti kikavu, vipovu vikizunguka fasta mafuta yapo tayari. Kaanga matatu matatu, ukijaza mafuta yanapoa na andazi linanyonya.

Mfuniko uwe pembeni muda wote. Mafuta yakishika moto zima gesi, funika, usiguse. Maji usimwage, maji kwenye mafuta yanayowaka yanalipuka kuwa moto mpaka darini.

Kupanga moto mmoja kwa mlo mzima

Tuseme jioni unataka wali, maharage, mchicha na samaki. Maharage yameshatoka kwenye kapu, yapo kwenye sufuria kubwa, yaunge yachemke, yarudishe kwenye kapu kwenye bakuli lenye mfuniko au hotipoti kama unayo, maana unataka sufuria. Osha kubwa, pika wali humo. Wali ukishafika kwenye kukauka unaingia kwenye kapu badala ya kupaliwa, moto umekuwa huru. Samaki kwenye kikaango, akitoka, kwenye mafuta yaleyale yaliyobaki tupia kitunguu na mchicha, dakika nne. Sufuria ndogo muda wote ipo pembeni na maji ya chai, inapanda ya mwisho wakati mnakula. Wali unatoka wa moto, maharage ya moto, na umewasha jiko chini ya saa moja.

Vitumbua ndo vimenishinda kuviingiza kwenye mpango huu. Vinataka kikaango chake chenye mashimo, hamna ujanja, nunua vya mtaani asubuhi.

Kuosha na kutunza

Aluminiamu haipendi vitu viwili. Cha kwanza ni magadi na dawa kali za kusafishia, zinaila metali kabisa, kwahiyo kama unapika maharage au kisamvu kwa magadi weka kidogo mno na usilaze humo. Cha pili ni chakula chenye asidi na chumvi kulala ndani, mchuzi wa ukwaju, nyanya nyingi, mbilimbi, achari. Kupika pika tu, ila ukimaliza hamishia kwenye bakuli. Ukikuta vitundu vidogo ndani ya sufuria ya zamani mara nyingi ndo hiyo sababu.

Ukoko usiugombanie na kisu. Mimina maji, chemsha dakika tano, acha upoe, utatoka na mwiko wa mbao. Labda kama nyumbani kwenu kuna wanaogombania kuula, hapo hamna cha kuosha.

Kama unapikia kuni, kabla hujaiinjika paka nje ya sufuria sabuni ya mche iliyolowanishwa, kitako na pembeni, masizi yatashika kwenye sabuni na yatatoka na maji tu. Wengine wanapaka udongo, inafanya kazi hiyohiyo.

Kikaango ukimaliza kukitumia, kikiwa na uvuguvugu, mimina maji ya moto, sugua kwa brashi, kausha kwenye moto mpaka kiwe kikavu kabisa, paka tone la mafuta ufute. Sabuni kidogo haikiui, kinachokiua ni kulala kwenye beseni la vyombo. Kikishika kutu usikitupe, sugua mpaka ufikie chuma, rudia zile hatua nne.

Kwenye kuhifadhi, ndogo ingia kwenye kubwa, mwiko na upawa ndani ya ndogo, mifuniko juu. Kikaango kitundike ukutani kwenye msumari, na kama hamna msumari kiweke juu kabisa ukitenganisha na sufuria kwa gazeti la zamani, chuma na aluminiamu vikikaa vimegusana na kuna unyevu vinaharibiana. Mchanga wa kuokea weka kwenye kopo lenye mfuniko, paka wakiuona wazi watautumia.